UZI: Todmorden, mji mdogo wa England uliopanda mahindi mbele ya kituo cha polisi (historia na habari za mtaani)

Mwana_wa_Bonde:

Wakuu, salamu.

Kila nikisema naishi karibu na Todmorden naulizwa "hiyo ni Manchester au Leeds?" Wengi wetu tukitoka London tunarukia Manchester, katikati tunaona ng'ombe na mvua tu. Nimeona bora nishushe uzi kabisa, kwa sababu hiki kimji kina mambo.

Kijiografia kiko West Yorkshire, kaskazini mwa England, kwenye bonde la mto Calder. Watu wake ni kama elfu 15. Milima imekibana pande zote, kiasi kwamba barabara, reli, mfereji wa mashua na mto vinagombania kipande kilekile cha ardhi tambarare. Wenyeji wanakiita Tod, basi nami nitaandika Tod nikichoka.

Tuanze na ukumbi wa mji. Ulifunguliwa 1875, wa mawe, una nguzo kama hekalu la Wagiriki. Jengo lenyewe siyo habari. Habari ni kwamba limejengwa juu ya mto uitwao Walsden Water, na enzi hizo mto huo ndio uliokuwa mpaka wa Lancashire na Yorkshire. Yaani ukicheza dansi ndani ya ukumbi unaanzia mkoa mmoja unamalizia mwingine, mto unapita chini ya miguu. Juu kabisa mbele ya jengo wamechonga wanawake wawili: wa kushoto ni Lancashire na mambo ya pamba, wa kulia ni Yorkshire na sufu, uhandisi na kilimo. Mwaka 1888 mpaka ukasogezwa, mji wote ukaangukia Yorkshire. Lakini mpaka leo posta inautambua kwa namba ya Oldham (OL14) na namba za simu ni za Rochdale (01706), na yote hiyo ni miji ya upande wa Lancashire. Ukitaka kuanzisha ubishi baa, uliza tu wao ni watu wa wapi.

Aliyelipia ukumbi ni ukoo wa Fielden, na hapa ndipo historia ya mji ilipo. Joshua Fielden alianza na nyumba ndogo za kusokotea mwaka 1782. Wanawe wakaja kuwa miongoni mwa mabwanyenye wakubwa wa pamba. Mmoja wao, John Fielden, aliingizwa kiwandani kwa baba yake akiwa na miaka kumi na kidogo, akaonja kazi ile kwa mwili wake. Alipokuwa mbunge wa Oldham kuanzia 1832, akapigania sheria ya kupunguza saa za kazi viwandani, hadi ikapita 1847: saa 10 kwa siku kwa wanawake na vijana walio chini ya miaka 18. Mwenye kiwanda akipigania wafanyakazi wapumzike! Sanamu yake iko kwenye bustani ya Centre Vale.

Halafu kuna kisa cha 1838. Serikali ilikuwa imeleta Sheria mpya ya Maskini (1834): ukiishiwa, msaada unaupata ndani ya nyumba ya maskini, mume huku, mke kule, watoto kwingine. Tod wakasema hapa haijengwi. Novemba 1838 askari wawili wakatoka Halifax kuja kukamata mali za ofisa mmoja wa kijiji cha Mankinholes, juu kidogo ya mji, aliyegoma kutii sheria hiyo. Kengele zikagongwa, watu wakamiminika kutoka viwandani, gari la askari likavunjwavunjwa na wao wenyewe wakala kichapo cha haja. Siku chache baadaye umati ukashambulia nyumba za waliounga mkono sheria, ikabidi jeshi lije. Nyumba ya maskini haikujengwa Tod hadi miaka ya 1870, wakati sehemu nyingine za England zilikwisha kuzoea.

Hoja yangu kwenye uzi huu ni hiyo: hawa ni watu wa kufanya kwanza, kibali baadaye. Mahindi ya polisi yanakuja, nakunywa chai kwanza.

Fundi_Cherehani:

Nimekaa pale, mkuu. Endelea.

Chura_wa_Rufiji:

Mahindi mbele ya kituo cha polisi Uingereza? Hii nayo ni chai, tena ya maziwa. Picha iko wapi?

Mwana_wa_Bonde:

Chura, siyo chai. Tafuta mwenyewe mtandaoni "Incredible Edible Todmorden", picha zimejaa.

Ilikuwa 2008. Pam Warhurst, mama mwenye mgahawa hapo mjini, na rafiki yake Mary Clear walikuwa wamechoka na mikutano ya mabadiliko ya tabianchi inayoisha kwa kuitisha mkutano mwingine. Wakajiuliza: ni jambo gani linalomgusa kila mtu, tajiri kwa maskini, mzee kwa mtoto? Wakajibu: chakula. Wakaitisha kikao cha wananchi wakidhani watakuja wachache, wakaja kama 60. Mary Clear akashusha ukuta wa bustani ya mbele ya nyumba yake, akapanda mboga, akaweka kibao cha kuwaambia wapita njia wajichumie. Waingereza mnawajua, kugusa cha mtu mbele ya nyumba yake ni kazi. Ilichukua muda watu kuzoea.

Baada ya hapo wakahamia kila pembe ya ardhi iliyolala. Kituo cha treni kikapata vitanda vya viungo, abiria anachuma rozmeri akirudi nyumbani. Kituo cha afya kilikuwa na vichaka vya miiba, vikang'olewa, ikapandwa miti ya matunda na mimea ya dawa. Kituo cha zimamoto, pembeni mwa mfereji, na hata makaburini, ambako mama Warhurst mwenyewe hutania kwamba udongo una rutuba ya kupitiliza. Na mbele ya kituo cha polisi, mahindi. Yamesimama wima kama askari wa zamu, Chura, na polisi hawakukamata mtu.

Shule ya sekondari ikapata mradi wa kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yaleyale. Ikachorwa ramani ya watu wanaouza mayai ya kuku wao. Mwaka 2010 Charles, wakati huo bado mwana wa mfalme mtarajiwa, akaja kuwatembelea. Leo vikundi vya aina hiyo Uingereza ni zaidi ya 100, na Wafaransa wameiga kwa nguvu, wanaita Incroyables Comestibles.

Na hawakuomba ruzuku ili waanze. Hakuna andiko la mradi, hakuna semina ya kujenga uwezo, hakuna posho ya kikao. Hapo ndipo waliponikosha.

Mhasibu_Mstaafu:

Mleta uzi, simulizi ni tamu, ila nina maswali ya mtu aliyekagua hesabu maisha yake yote. Vitanda hivyo vinalisha familia ngapi? Kwa mji wa watu elfu 15, rozmeri ya stesheni ni mapambo. Supamaketi ziko palepale na watu bado wanajaza toroli.

La pili, unasema hawakuomba kibali. Nimesoma kwamba huyo Warhurst aliwahi kuwa kiongozi wa halmashauri ya Calderdale, ambayo Tod iko ndani yake. Mtu aliyekalia kiti hicho anajua mlango upi haugongwi. Mmachinga wa Kariakoo akipanda sukuma wiki mbele ya kituo cha polisi "bila kibali" tutaandika uzi mwingine kabisa, na hautakuwa wa mboga.

Dada_Mwantumu:

😂😂 Mhasibu kaua.

Binti_wa_Bukoba:

Jamani mimi nimeganda kwenye pamba. Hiyo pamba ya viwanda vya Tod ilitoka wapi? Isije ikawa ni jasho la watu wetu.

Mwana_wa_Bonde:

Nianze na Mhasibu kwa sababu ndiye kanichoma.

La kwanza, wenyewe hawadai kwamba wanalisha mji. Wanaviita bustani za propaganda. Kitanda cha stesheni kazi yake ni kumfanya mtu asimame, aulize "hii ni nini, inapikwaje," akutane na jirani aliyeinama anapalilia. Wauza nyama na jibini wa soko la ndani, lile jengo la 1879, wanapewa vibao vya kuandikia kwa chaki bidhaa zinazotoka jirani. Ukipima kwa kilo utaona sifuri, nakubali. Pima kwa idadi ya watu wanaofahamiana, hesabu inabadilika. Mimi mwenyewe majina ya majirani wengi nimeyajulia kwenye kitanda cha maharage, na hapa ni nchi ambayo unaweza kukaa miaka na jirani mkaishia kupungiana mkono.

La pili hapo umenibana kweli. Ndiyo, aliongoza halmashauri miaka ya 1990, na baadaye akawa mwenyekiti wa tume ya misitu ya serikali. Siyo mmachinga. Hata 1838 nyuma ya wapigaji kengele alikuwepo bwanyenye Fielden, aliyeichukia sheria ile wazi. Kwa hiyo sawa, "bila kibali" ya Tod huwa na mkubwa mmoja anayekonyeza. Ila wanaoamka Jumapili kupalilia kwenye manyunyu ni walimu wastaafu, vijana wasio na ajira, mama wa nyumbani. Mkonyezo haupalilii.

Binti wa Bukoba, pamba kwa sehemu kubwa ilitoka kusini mwa Marekani, mashamba ya watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikakata mzigo, Lancashire nzima ikalala njaa, miji kama Tod ikiwemo. Vita hivyohivyo vikaigusa pwani yetu: ile merikani (kitambaa cha pamba) ya Massachusetts iliyokuwa inatawala soko la Zanzibar ikaadimika, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi. Baadaye, 1902, wenye viwanda wa Lancashire wakaunda chama cha kutafuta pamba ndani ya himaya yao wasitegemee tena Wamarekani. Mwaka uliofuata mbegu zikafika Uganda, na ndani ya miaka michache pamba ikawa ndiyo zao kuu la Uganda kuuza nje. Kwa hiyo jirani zenu wa ng'ambo ya mto Kagera wamo kwenye hii hadithi.

Binti_wa_Bukoba:

Haya, nimepata. Babu yangu mzaa mama alikuwa Masaka kwenye jinari ya pamba. Nitamuuliza mama.

Mtu_wa_Huddersfield:

Mleta uzi umeruka jambo kubwa. Bonde lile habari yake kuu siyo mboga, ni MAFURIKO. Mimi nilikuwa nafanya usafi huko Hebden Bridge, mji unaofuata. Siku moja baada ya Krismasi 2015 maji yaliingia madukani, magari yakaelea.

Mwana_wa_Bonde:

Nilikuwa nafika huko, mkuu. Juni 2012, Desemba 2015, Februari 2020 kwenye kimbunga Ciara. Ile ya 26 Desemba 2015 ndiyo iliyovunja watu mioyo: nyumba na biashara kwa maelfu katika Calderdale nzima, Mytholmroyd na Hebden Bridge wakiumia zaidi, Tod nayo haikupona.

Sababu unaiona kwa macho. Juu ni nyanda za mboji, udongo mweusi unaofyonza maji mithili ya sifongo ukiwa mzima. Miaka na miaka ulichimbwa mifereji, ukakaushwa, viwanda vikaumwagia moshi. Kuna maeneo unachomwa makusudi ili majani machanga yaote kwa ajili ya ndege wa kuwindwa na matajiri, na huo ni ugomvi mkubwa hapa kati ya wenye mashamba ya uwindaji na wanaokaa chini bondeni. Mvua ikinyesha juu, maji hayana wa kuyashika, yanateremka mteremko mkali na kukutana mjini, palepale tulipobananisha nyumba.

Tod ina ving'ora vya mafuriko, vile vya sauti ya vita vya pili vya dunia. Vinajaribiwa kila mwaka, na mgeni asiyejua anaweza kukimbilia chini ya meza.

Lakini sikilizeni hii. Baada ya 2015 wenyeji wa bonde wakaanzisha kikundi kinaitwa Slow the Flow. Wanaenda msitu wa Hardcastle Crags, juu ya Hebden Bridge, wanalaza magogo kukatiza vijito. Siyo bwawa la kufunga. Gogo la chini linaachiwa nafasi, maji ya siku za kawaida yanapita bila kujua kuna mtu. Mvua kubwa ikija ndipo maji yanapanda, yanagonga magogo, yanatawanyika pembeni msituni, yanazama ardhini taratibu. Gogo moja ni kama halifanyi kitu. Yakiwa mamia, yanachelewesha wimbi kufika mjini. Kazi yote ni ya kujitolea: msumeno, kamba, matope hadi magotini. Nilikwenda, mgongo ulinikumbusha umri wangu.

Mhasibu_Mstaafu:

Hii ya magogo naikubali bila mjadala. Ndiyo ungeanza nayo.

Chura_wa_Rufiji:

Nimegugo Tod nikakuta mambo ya viumbe vya anga za juu. Mbona hujasema? Na yule daktari muuaji si alikuwa huko?

Mwana_wa_Bonde:

Daktari ni Harold Shipman. Ndiyo, alianza udaktari wa mtaani Tod mwaka 1974, akakamatwa 1975 kwa kughushi vyeti vya dawa ya pethidine aliyokuwa anajidunga mwenyewe, akaondoka. Mauaji yake mengi yalifanyika baadaye, mji wa Hyde karibu na Manchester. Watu wa hapa hawapendi kuliongelea, na mimi naishia hapo.

Viumbe: Novemba 1980 askari mmoja wa doria alidai ameona kitu kinazunguka juu ya barabara ya Burnley usiku. Tangu hapo watu wanakuja na darubini. Mimi nimeona mawingu tu.

Fundi_Reli_Tabora:

Nimesoma kimya kimya ila mmenigusa kwenye fani yangu. Bonde hilo lina handaki la reli la Summit, kati ya Littleborough na Tod. Lilifunguliwa 1841 chini ya George Stephenson, kilometa 2.6, lilikuwa refu kuliko handaki lolote la reli duniani wakati huo, matofali kama milioni 23. Shuleni tulifundishwa kisa chake na sijakisahau.

Alfajiri ya 20 Desemba 1984, treni ya mabehewa 13 ya petroli, zaidi ya lita milioni moja, ikiwa ndani ya handaki, beringi ya behewa la nne ikafa, behewa likaacha reli, yaliyofuata nyuma nayo yakaanguka. Petroli ikamwagika, moto ukawaka. Wafanyakazi watatu wa treni wakakimbia hadi nje wakapiga simu. Sasa sikieni: wakarudi NDANI pamoja na zimamoto, wakakata behewa tatu za mbele zilizobaki relini, wakatoka nazo na kichwa cha treni. Hapo ndani kuna petroli inayowaka.

Zimamoto walijaribu kupambana humohumo, kisha wakaondoka, na hawakuondoka mapema sana: muda mfupi baadaye moto ukapanda kupitia mashimo ya hewa, miali ikatokea juu mlimani kwa makumi ya mita. Mashimo hayo yaliyochimbwa kwa ajili ya kuchimbia handaki na baadaye kutoa moshi wa mvuke ndiyo yaliyoliokoa, kwa sababu joto lilipata pa kutokea. Matofali yaliyeyuka uso yakawa kama kioo, lakini handaki halikuporomoka. Hakufa mtu hata mmoja. Treni zilirejea Agosti 1985, na kabla ya hapo wananchi waliruhusiwa kupita ndani kwa miguu.

Matofali ya 1841 hayo. Nikiona kalavati la juzi limechukuliwa na mvua moja naumwa kichwa.

Fundi_Cherehani:

Fundi Reli, heshima yako. Uzi umepata uzi mwingine ndani yake.

Mwana_wa_Bonde:

Fundi, asante sana, hilo la mashimo ya hewa nimelisoma mara mbili. Nakuongezea la reli: palikuwa na kipande cha nusu kilometa tu kilichounganisha njia ya Burnley na ile ya Manchester hapo Tod. Kilifungwa miaka ya 1960, reli zikang'olewa, na kwa miongo mtu wa Burnley hakuwa na treni ya moja kwa moja kwenda Manchester. Wananchi na madiwani wakapiga kelele miaka kadhaa, kikarudishwa, treni zikaanza kupita Mei 2015. Nusu kilometa!

Dada_Mwantumu:

Mimi swali la kizazi: watoto wa huko wanabaki au wanakimbilia mijini?

Mwana_wa_Bonde:

Wengi wanasafiri kila siku, Manchester iko karibu nusu saa kwa treni. Na wenye kazi Manchester nao wanahamia huku kufuata milima, ndiyo maana kodi za nyumba zinapanda na wenyeji wananung'unika. Mboga za bure mbele, kodi inapaa nyuma yake. Hilo Mhasibu hakulitaja, nalitaja mimi.

Ila shule ya Tod usiidharau, dada. John Cockcroft, aliyepasua atomu na Ernest Walton mwaka 1932 na kupata Nobel ya fizikia 1951, ni mtoto wa hapa. Geoffrey Wilkinson, Nobel ya kemia 1973, naye wa hapa. Wamepishana miaka zaidi ya 20, na wote wawili walifundishwa fizikia na mwalimu mmoja, Luke Sutcliffe. Mwalimu wa sekondari ya mji wa pamba, Nobel mbili mkononi.

Mwalimu_Nachingwea:

Hapo kwa mwalimu Sutcliffe nasimama na kupiga saluti. Sisi wengine wanafunzi wetu tunakutana nao wakiwa makondakta, wanakataa nauli.

Chura_wa_Rufiji:

Nakuja Manchester mwezi wa sita kwa shemeji. Nataka kuyaona mahindi kwa macho yangu. Nafikaje?

Mwana_wa_Bonde:

Panda Manchester Victoria, siyo Piccadilly, treni za bonde la Calder. Kaa upande wa dirisha, baada ya Littleborough utaingia handaki la Fundi Reli, ukitoka upande wa pili umebakiza kidogo. Shuka, fuata njia ya kijani iliyochorwa kwenye vibao, inapita mfereji, kituo cha afya, soko hadi kwa polisi. Nikuonye tu: Juni mahindi ya huku yako magotini, England siyo Rufiji. Njoo mwezi wa nane kama shemeji atakuvumilia. Na beba koti la mvua hata jua likiwaka.

Chura_wa_Rufiji:

Shemeji hawezi kunivumilia hadi wa nane. Nakuja Juni, utanionyesha hiyo maharage.